Kistari Kisichosomeka

Mume wangu aliposema anaacha kazi, nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtu mwenye akili kama zake akihamishiwa mapokezi kupokea simu, nitakwenda mwenyewe kukata nyaya za simu hizo. Alicheka kidogo, akageukia ukuta. Macho yake yalikuwa yamezimika mwanzoni mwa mwaka, na bosi wetu alishasema wazi: akiweza kusaka hitilafu moja peke yake, atabaki kuandika programu. Asipoweza, ni mapokezi.

Hitilafu yenyewe ilikuwa kwenye programu ya bohari ya dawa. Baadhi ya maboksi hayakutoka kabisa, na hakuna aliyejua kwa nini. Ili kujua, unaisimamisha programu katikati ya kazi, unatazama humo ndani kila boksi limeandikiwa nini. Anayeona anapitisha jicho tu. Mume wangu alisomewa na kompyuta, sauti ya puani isiyojua kupumzika, na kwa kila boksi ilimmwagia rundo la sifuri na herufi zisizo na kichwa wala miguu kabla ya kufika kwenye jina la dawa. Boksi la tatu tu, jasho linamtoka.

Nikasema potelea mbali, hii mashine itafundishwa adabu. Chombo cha kusakia hitilafu hukubali kupewa kanuni za namna ya kuonyesha vitu. Nikakaa kwenye meza ya jikoni nikaziandika: ukikuta boksi, taja dawa, idadi na kituo linakokwenda, basi. Kila kilichoonekana kibaya kwenye skrini nilikisafisha.

Kesho yake ofisini alivaa spika za masikioni, uso ukamfunguka.

"Sasa inaongea kama mtu," akasema.

Lakini alisikiliza asubuhi nzima bila kupata kitu. Bosi alipita, akapita tena, na mimi nikajifanya nimezama kazini.

"Vipi, mama?" mume wangu akaniuliza.

"Niko sawa."

Baadaye akachomoa spika moja, akanipa. "Hebu sikiliza na wewe."

"Dawa ya kikohozi, hamsini, kituo cha kaskazini," ilisema mashine. "Insulini, ishirini. Dawa ya minyoo, sabini, kituo cha mtoni."

"Insulini imeishia njiani," akasema. "Boksi lisilo na kituo umeliwekea nini?"

Nilitazama skrini, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. "Kistari."

"Kistari hakisomwi, mke wangu. Wewe unakiona. Mimi nasikia kimya, nadhani mashine inavuta pumzi."

"Niliona kinapendeza."

"Usinipendezeshee. Nifupishie, ila usinifiche."

Akapapasa kibodi, akafuta kistari changu, akaandika neno moja.

"Insulini, ishirini, hakuna," ikasema mashine.

Akaifuata hiyo "hakuna" nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ilipozaliwa: kila dawa iliyohamishiwa chumba cha baridi ilifutiwa kituo chake, ndiyo maana maboksi yake hayakutoka. Alipiga meza kwa furaha, kahawa yangu ikamwagika, na kwa mara ya kwanza mwaka huo sikugomba. Bosi alikuja, akasikiliza, akakuna kidevu.

"Profesa," akasema, maana ndivyo wanavyomwita kwa sababu ya kipara chake, "kesho nina nyingine ya kukupa."

Jioni tulifika nyumbani tumeshikana mikono. Nilikuwa nimeinama mlangoni navua viatu aliponiuliza tena.

"Vipi, mama?"

"Niko sawa."

"Hicho ni kistari."

Nikabaki na kiatu mkononi. Tangu macho yake yazimike sikuwahi kulia mbele yake. Nilikuwa nikilia bafuni, bomba nimelifungua, halafu natoka na sauti yangu safi.

"Naogopa," nikasema.

Mkono wake ukanitafuta, ukapata bega, kisha shavu, ukakuta limelowa. Hakuupangusa uso wangu. Aliuacha mkono wake palepale.

"Hiyo imesomeka," akasema. "Endelea."