Sikio la Kuachwa Wazi

…na swali la maana analiuliza sasa, mdomo wangu umeshabana sponji, hawa watu bwana, ni kama madaktari wa meno, anakujaza vitu kinywani halafu ndipo anataka maongezi, "Usijibu, dada, wewe fikiria tu," anasema fundi wa visikizio, "sikio gani utaliacha wazi? Maana wenzako wengi wanachomeka moja, la pili wanaliacha wapate kusikilizana," najua, baba, najua, okestra nzima siku hizi haina habari nyingine, tangu ofisi ilete vile visikizio vya dukani, saizi moja kwa watu wote, tuvivae tufuate mdundo wa kuhesabu wakati filamu inaonyeshwa nyuma yetu, na sisi wa fidla ndio tuliokoma, ukiegemeza kidevu taya linasukuma, kitu kinachomoka, unakirudisha, kinachomoka, mpaka mwongozaji akasema basi, kila mtu akachukuliwe umbo la sikio lake, ndiyo niko hapa, nimeinamisha kichwa na kukaza taya kama nimeshika fidla nisiyoishika, shingo inauma, bega la kushoto linauma, nimechoka mimi, hata kulalamika nako kunachosha… "Naanza kushoto," anasema, bomba, raba laini, ya baridi, inaingia polepole, inajaa, haya, nangoja dunia ipungue… feni inazunguka, bado naisikia, fundi anapiga mluzi, bado, gari huko nje linarudi nyuma na ule mlio wake wa kero, bado, labda hajamaliza, lakini amemaliza, naona kwenye kioo, raba imefurika mpaka nje ya sikio, na sauti ni zilezile, hakuna hata moja iliyoondoka. Kidogo tu, ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, hili la kushoto limechoka kidogo, nani asingechoka, miaka yote nimekaa mbele ya tarumbeta na fidla yenyewe inalilia chini ya sikio hilohilo, mwenzangu tunayesoma naye stendi moja ya nota akininong'oneza upande ule natabasamu, sijui hata nimetabasamia nini, siku moja alikuwa ananiambia amefiwa, na nikipoteza hesabu nautazama upinde wake, ukishuka nashuka nao, hakuna aliyejua, na asijue mtu, kwenye kazi hii ukijulikana husikii umekwisha, unapewa maua, unapigiwa makofi, kiti anakalia mwingine wiki hiyohiyo… kidogo gani sasa hii, limezibwa na mimi sina habari… "Na kulia," anasema, bomba tena, baridi tena, na feni inakatika. Mluzi unakatika. Gari, mlango, kiatu chake sakafuni, vyote, kama mtu amezima umeme. Kumbe nilikuwa na moja tu. Siku zote hizi naishi kwa moja, naliita mawili.

Basi swali lake halina jibu, nikiliacha wazi la kulia mdundo utahesabia ukuta, nikiliacha la kushoto nitapiga peke yangu katikati ya watu sabini, ukuta… ndivyo alivyosema mume wangu juzi jikoni, anasuuza kikombe, hakunitazama, "Nimechoka kuongea na ukuta," nami nikampandishia, kuongea lini wewe, mwaka mzima huna neno, unapanda kitandani kama mpangaji, akakifuta kikombe, tangu hapo ni "chakula kipo" na "funguo iko wapi", nikasema moyoni haya, ndoa nyingi huishia hapa, na iliniuma, iliniuma kweli, wala sikumwambia mtu… lakini ngoja, yeye analala upande gani? Kushoto kwangu. Na mimi hulalia ubavu wa kulia, kwa ajili ya hili bega la fidla, mgongo nimempa yeye, sikio zima limezama kwenye mto na hili bovu ndilo liko juu, ndilo analolisemesha yeye… Mungu wangu. Mtu yule mchana ni bubu, tangu uchumba wetu ni bubu, mpaka taa izimwe, gizani ndipo anasema, kazi yake, woga wake, mambo ya kwao, nilidhani ameacha. Mama yake alipolazwa nikajua baadaye kwa wifi, nikamnunia, nikasema hata hilo hakuona kwamba linanihusu. Aliniambia. Aliniambia usiku ule, anaongea na mgongo wangu, akangoja nigeuke, sikugeuka, na kesho yake nikaamka nikamuuliza chai ataka na sukari?

Usilie, uso usicheze, raba haijakauka, fundi amekuja mbele yangu, midomo inakwenda, ananionyesha kulia, ananionyesha kushoto, anainua nyusi, lipi? Ndugu yangu, ukinitoa haya mambo nitakuambia, lililo zima ni moja, halitoshi kazi mbili, mwambie mwongozaji hivyo, kiti akikitaka akichukue, nimechoka kukilinda. Anainua kiganja, bado kidogo, tulia. Nimetulia. Leo nitalalia hilihili bega bovu, liume litakavyo, nimgeukie, taa izimwe, nimwombe aanze upya, kuanzia usiku wa kwanza aliponisemesha nikawa kimya.