Kitenge cha Kiungu

Mafua makali yalipoingia mji wa Kalemie, kando ya ziwa, mwaka ule wa sabini na nane, watu wengi walisema, "Hii njo mafua tu." Usilolijua ni usiku wa giza. Ngoy, fundi wa maabara hospitalini, alilijua, na ndiyo maana hakupata usingizi.

Darubini yake haikuweza kumwonyesha kirusi, lakini alifundishwa umbo lake: kidude chenye vishikio pande zote. Chembe za koo zina sukari kwenye ngozi yao, na vishikio hivyo hunasa papo hapo. Kirusi hakivunji mlango. Chembe yenyewe hukimeza kama inavyomeza chakula, kisha hukimwagia tindikali ili ikisage, na tindikali hiyohiyo ndiyo inayokifungua kianze kuzaana. Ngoy alikuwa akichukizwa na jambo hilo kuliko kifo chenyewe.

Nyumbani alikuwa na mapacha wa miezi minne. Kiungu alishikwa na homa tangu juzi, kifua kinakoroma. Kabange alikuwa mzima bado. Ngoy akaamua kumpeleka Kabange ng'ambo ya mto Lukuga kwa dada yake Léonie, ambaye naye alikuwa ananyonyesha.

Mama yake, Mama Émérence, mzaliwa wa Manono, akasimama mlangoni.

"Mapasa habatenganishwe," alisema. "Ukimutoa huyu, mwengine atakasirika, atajiendea."

"Mama, huyu mugonjwa atamuambukiza mwenzake."

"Na ukibaachanisha, utabazika bote."

Denise, mke wa Ngoy, alikuwa amemkumbatia Kiungu, analia bila sauti. Walibishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe Mama Émérence akalegea kidogo.

"Basi mufunike na kitenge ya Kiungu. Asikie arufu ya ndugu yake, ajue habajaachana."

Ngoy aliona ameshinda. Kugombana na mama mzazi kwa sababu ya kitambaa ni utovu wa adabu, na yeye alikuwa amechoka. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akamfunga Kabange mwenyewe, akamfunika kwa kitenge hicho mpaka kichwani kwa sababu ya upepo wa ziwa.

Njiani hakumpa mtu mkono. Darajani mzee mmoja alikohoa, naye Ngoy akavuka upande wa pili haraka. Alifika kwa Léonie akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo wiki nzima.

Léonie alimpokea mtoto, akafunua kitenge, akacheka.

"Angalia huyu. Anakinyonya tu."

Kabange alikuwa na ncha ya kitenge kinywani, ametulia kabisa. Ilikuwa ncha iliyolowa, ile ambayo asubuhi Denise alimfutia Kiungu pua. Ngoy aliichomoa na mtoto akaanza kulia.

"Mbona unamunyang'anya, Papa Kiungu?" Léonie aliuliza.

Saa nzima, kutoka nyumbani mpaka hapa, mtoto alikuwa chini ya kitenge kile, na homa huonekana baada ya siku mbili. Ngoy akaketi kizingitini kuzingoja siku hizo mbili.