Maoni ya Wazazi wa Ng'ambo

Bweni la wasichana lilikuwa moja, na sekondari za kata zilizoliomba zilikuwa mbili. Ili kujua lijengwe wapi, kila shule ilitakiwa kukusanya maoni ya wanafunzi na ya wazazi wao. Wanafunzi waliandika wenyewe darasani, bila kutaja majina. Sisi wa ng'ambo, ambao watoto wetu huvuka kwa mtumbwi kila asubuhi mkono wa mto unaojaa na kupwa pamoja na bahari, tuliletewa karatasi zenye mistari, nazo zikafikishwa barazani kwangu.

Hilo halikuwa jambo geni. Nilisoma mpaka darasa la nane, nikafundisha elimu ya watu wazima kwa miaka kumi na mmoja, na tangu hapo barua za kijiji hiki ziendazo serikalini hupita mkononi mwangu.

Nami nilikuwa na sababu ya kulitaka bweni lile. Mjukuu wangu Muzdalifa yuko kidato cha tatu. Mwezi wa nne mtumbwi wao ulipinduka, akanasa kwenye tope hadi kiunoni. Mama yake, Semeni, mjane wa mwanangu, aliapa kwamba bweni lisipopatikana mtoto hatamaliza mwaka. Semeni si mtu wa kuapa ovyo.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Wa kwanza kusema alikuwa Hajira, mama wa watoto wawili wa kidato cha pili.

"Andika, Bi Kijakazi: mwaka mzima wanangu hawajamwona mwalimu wa fizikia hata kwa picha."

Nikaandika: *Wazazi wanatambua juhudi za walimu waliopo, licha ya upungufu katika masomo ya sayansi.* Nikamsomea.

"Ndivyo nilivyosema?"

"Ndivyo ulivyokusudia."

Akafuata Zaidi, mvushaji wetu. "Mimi niandikie kuwa shule ile inawaadhibu watoto kwa kosa la mwezi. Mwezi ukiamua maji yapwe asubuhi, mtumbwi unakaa juu ya tope kama bata anayeatamia. Mtoto akifika saa tatu anapewa panga afyeke majani, na hesabu zinampita. Kama ni kuadhibu, wakamwadhibu mwezi!"

Watu wakacheka. Mimi nikaandika: *Wazazi wanashauri suala la muda wa kuwasili litazamwe kwa hekima.*

Semeni alisema mwisho, akiwa amesimama. "Mama, andika kwamba siku ile mwanangu alipotolewa topeni alikwenda shule vilevile, sare imemgandia mwilini. Alipofika akaambiwa amechelewa, akafyeke." Akaielekezea karatasi kidole. "Andika hivyohivyo."

Sikuandika hivyohivyo. Sikutaka ofisa yeyote asome kwamba mjukuu wangu alisimama mbele ya watu katika hali ile. Niliandika: *Baadhi ya wanafunzi wanakabiliwa na changamoto ya usafiri.* Nilidhani namsitiri mtoto.

Nilipoisoma karatasi yote kwa sauti, Zaidi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kiserikali hasa," alisema. Wakachovya vidole gumba katika wino, mmoja baada ya mwingine. Semeni naye alichovya, ila hakunitazama.

Ijumaa ya wiki ya pili, Muzdalifa aliingia uani akatupa mkoba chini.

"Bibi, nani aliandika karatasi ya wazazi?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Nani aliandika?"

"Marahaba. Niliandika mimi."

Akakaa kwenye kizingiti. "Mwalimu mkuu ametusomea zote mbili mstarini. Yetu ina malalamiko: walimu hakuna, adhabu haziishi, mto. Yenu imejaa shukrani. Akasema, 'Wazazi wenu, watu wazima, wameridhika. Ninyi ni wavivu wa kuamka.' Wanafunzi wa upande wa shule wakatuzomea. Tumekuwa waongo, Bibi, na waliotufanya waongo ni ninyi."

"Chunga ulimi wako."

"Kesho bodi ya shule inakaa kupitisha maoni. Wanasema itakayozingatiwa wilayani Kibiti ni yenu, maana ina vidole gumba. Na shule isiyolalamikiwa na wazazi itapewa bweni la nini?"

Semeni alikuwa akipepeta mchele. Ungo haukusimama. "Basi," alisema. "Jumatatu asivae sare. Tuliambiwa tuseme, tukasema, na hakuna aliyesikia. Mimi nimechoka kusimama pale mtoni namhesabia mtoto pumzi."

Nilijua ni kwa nini hakuna aliyesikia.

Kikao kilikuwa Jumamosi saa nne. Wenzangu walivuka mapema, maji yakiwa yangali juu. Mimi nilibaki nyumbani nikikunja na kukunjua kanga ileile, kwa sababu tangu nianze kuandikia watu sijapata kusimama hadharani nikasema kwamba nilikosea. Nilipoamua kwenda, maji yalikuwa yanatoka. Zaidi alirudi kunichukua. Katikati tukakwama, nikateremka na umri wangu huu, nikatembea kwenye tope hadi ng'ambo ya pili, yeye akiniongoza kwa pondo lake la kusukumia mtumbwi.

Niliingia darasani kikao kikiwa kimefika mbali. Mwalimu mkuu, Mwalimu Zefania, ni mtu wa Singida aliyehamia kwetu mwaka jana, mwenye adabu zake. Aliinuka.

"Karibu, Bibi. Ila tulisema saa nne."

"Mpe panga afyeke, Mwalimu!" Zaidi alipaza sauti kutoka mlangoni.

Wazazi waliangua kicheko. Mwalimu Zefania hakucheka. Alikuwa akiitazama miguu yangu.

Nilikataa kiti. Nikamgeukia Afisa Elimu Kata, Bi Consolatha, aliyekuwa na karatasi yetu mbele yake. "Karatasi hiyo ina vidole vya watu hawa na maneno yangu mimi. Walichosema ni kingine. Naomba nikiseme."

Nikasema. Nilisema ya fizikia, Hajira akaitikia, "Naam, hata kwa picha!" Nilisema ya mwezi. Nilipofika kwa Semeni, ambaye hakuja, nilisema neno kwa neno, tope, sare na panga.

Mwalimu Zefania aliuliza polepole, "Kwani maji hayapwi saa zilezile kila siku?"

Mwaka mmoja na nusu amekuwa nasi, na hakuna aliyemweleza. Nani humweleza mtu mzima kwamba saa ya maji kupwa husogea kila siku? Tulidhani anajua, na kwamba anawafyekesha watoto kwa ugumu wa moyo tu.

"Kwetu Singida maji yakiwepo yapo," mwalimu alisema, kana kwamba anajibu mtu.

Akaomba daftari la mahudhurio. Zaidi, asiyejua kusoma, alisimama begani kwake akitaja siku za mwezi ambazo maji hupwa asubuhi, naye mwalimu akizitafuta. Kila nusu ya mwezi, siku tatu au nne mfululizo, watoto wote kumi na wanne wa ng'ambo walikuwa na alama nyekundu.

"Niliona wamechelewa wote kwa pamoja," mwalimu alisema, "nikadhani wamepatana."

Alilifunga daftari. Akasema mbele ya bodi kwamba siku hizo watoto wa ng'ambo hawatafyeka tena, na kwamba hesabu zitahamishiwa baada ya mapumziko ya saa nne.

Bi Consolatha alikuwa mgumu zaidi. "Karatasi hii imeshapigwa mhuri, siwezi kuiondoa. Naweza kuambatisha nyingine, lakini mwandishi wa kwanza lazima akiri kwa maandishi kwamba hakuandika alichoambiwa. Na bweni sikuahidi, Mama. Ile shule nyingine nayo ina watoto."

Karatasi ya pili iliandikwa na msichana wa kidato cha nne, maneno yakishuka kama yalivyotoka vinywani. Mengine yaliniuma masikio, nikayaacha. Chini yake niliandika mstari mmoja kwa mkono wangu: *Mimi, Kijakazi binti Mshamu, niliaminiwa maneno ya wenzangu nikaandika mengine.* Hajira alikuwa akichungulia. Wiki ile barua yake ya hospitali aliipeleka kwa mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani adhuhuri imepita. Semeni alikuwa jikoni. Nilimweleza yote, naye alinisikiliza huku akichochea kuni.

"Bweni tumepata?"

"Hatujapata. Kiambatisho kinakwenda Kibiti Jumatano."

"Na ya tope ulisema?"

"Nilisema."

"Kwa maneno gani?"

"Kwa yako."

Aliinua uso. Muzdalifa alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Huyo mwalimu alisemaje kuhusu mwanangu?"

Nilifikiri. "Kuhusu siku ile hakusema kitu. Aliinamisha kichwa."

Semeni alifunika chungu, akajifuta mikono kwenye kanga. "Haitoshi," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Leta hiyo sare niifue. Jumatatu navuka na wewe. Nataka anisikie mwenyewe."