Magari Arobaini na Moja

Usiseme hukuona. Asubuhi ile ya Alhamisi ulikuwa kwenye foleni pale geti la Nyakahura, umekaa ndani ya gari, kioo umekipandisha. Mbele ya macho yako watu walimshusha mkimbizi Ndikuriyo kutoka kwenye lori, wakamvua shati, wakamkalisha kwenye tope. Ukageuza shingo ukatazama migomba. Jirani yako akainama kama mtu anayetafuta kitu chini ya kiti. Miaka hii ya wakimbizi tumejifunza wote kutafuta vitu chini ya viti.

Lakini aibu yako ni ndogo ukiiweka karibu na ya Renatus. Sikia yake kwanza, halafu utaipima yako.

Renatus, Mhangaza wa Nyakisasa, alikuwa karani wa geti hapo Nyakahura. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magari. Ukicheka, basi hujui barabara inavyoendeshwa. Unadhani barabara ni lami na greda, na wakubwa wanaokuja kukata utepe. Lami yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa na malori ya mahindi ya msaada, imebaki mashimo yenye kingo kali, na pori lililo kati ya Ngara na Nyakahura lilikuwa na majambazi. Kwa hiyo hakuna gari lililoruhusiwa kulipita peke yake. Magari yalikusanyika kwenye geti la upande wa Ngara, yakapangwa, yakaondoka kwa msafara, gari la askari likitangulia. Zamani kulikuwa na gari jingine la askari la kufunga mkia. Likakosa tairi, likapandishwa juu ya matofali, likaota majani hapo hapo. Tangu siku hiyo mkia wa msafara haukulindwa na bunduki. Ulilindwa na kalamu ya Renatus.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Geti la Ngara linahesabu magari yanayoingia porini, linataja idadi kwenye redio ya upepo. Geti la Nyakahura linaiandika safu ya kushoto ya daftari, linasubiri, linahesabu yanayotoka, linaandika safu ya kulia. Safu zikilingana, askari wanaambiwa wakapumzike. Zikipishana hata kwa gari moja, askari wanageuza na kurudi porini kulitafuta kabla jua halijazama. Basi. Hahitajiki mtaalamu kutoka nje wala semina ya siku tatu. Anahitajika mtu mmoja asimame barabarani na kuhesabu kweli.

Mwaka wa kwanza Renatus alihesabu kweli. Alipanda juu ya pipa, akanyoosha kidole kwa kila gari, na mara mbili askari waligeuza kwa neno lake wakakuta gari limekufa mlimani, abiria wanatetemeka. Mwaka wa pili akagundua kwamba idadi hulingana. Karibu kila siku hulingana. Akaanza kuhesabu akiwa amekaa. Kisha akawa anahesabu huku anapiga soga. Mwishowe redio ikitaja idadi aliiandika kushoto na kulia kwa pumzi moja, msafara ukiwa bado haujafika hata nusu ya pori. Mkubwa wake, Bonaventura, alikuja kila Ijumaa kukagua daftari, akalisifu kwa usafi.

Jumatano, siku moja kabla ya Alhamisi ile, ilikuwa siku ya mnada. Saa nne redio ikasema arobaini na moja. Renatus akaandika arobaini na moja, mara mbili. Msafara ulipotokeza saa saba, mvua ilikuwa inaanza, naye alikuwa ng'ambo ya barabara amemshika mbuzi jike taya, anamkagua meno. Magari yalipita nyuma ya mgongo wake. Alikuwa akimwambia muuzaji kwamba mbuzi huyu ni bibi wa watu. Askari walimuuliza kwa ishara kutoka mbali, naye akainua kidole gumba. Wakaenda kula.

Yaliyopita yalikuwa magari arobaini.

La arobaini na moja, la mwisho kwenye mkia, lilikuwa pikapu ya bluu ya mtu anayeitwa Anastazi. Alikuwa amembeba mama mmoja wa Runazi, Eufrazia, aliyetoka kwa dada yake na gunia la maharage. Kwenye kona ya korongo pikapu iliteleza, ikashuka bondeni, ikalala ubavu. Anastazi alibanwa na usukani. Eufrazia alivunjika nyonga. Walisikia msafara ukienda, sauti ikipungua, hadi pakawa kimya. Eufrazia alisimulia baadaye kwamba alimwambia Anastazi wavumilie, watafuatwa, pale Nyakahura wanahesabu. Anastazi akajibu ndiyo, wanahesabu. Waliambiana hivyo mara nyingi. Alfajiri Anastazi hakujibu tena.

Aliyewaona ni Ndikuriyo, Mrundi wa kambini, aliyekwenda kukata kuni nje ya mpaka aliowekewa. Angeweza kurudi alikotoka na hakuna ambaye angejua. Alimbeba Eufrazia mgongoni hadi barabarani, akasimamisha lori lililovunja amri likapita kabla ya msafara, na kwa kuwa mama yule kabla hajazimia alikuwa akilia maharage yake, alirudi bondeni akaleta na gunia. Hivyo ndivyo alivyofika Nyakahura: damu ya watu kwenye shati, gunia la mtu mwingine kichwani, na lafudhi ile. Yaliyofuata uliyaona.

Bonaventura aliitwa, akaja, akafungua daftari. Yameingia arobaini na moja, yametoka arobaini na moja. Kwa hiyo, akasema mbele ya watu wote, pikapu ya Anastazi ilitoka porini salama. Na kama ilitoka salama kisha ikakutwa porini, basi kuna mtu aliyeirudisha huko kwa nguvu, akaua, akachukua mali. Watu wakamtazama Ndikuriyo. Bonaventura akamgeukia karani wake.

"Renatus, ulihesabu?"

"Nilihesabu, mkubwa."

Neno moja tu. Likatosha kumpeleka mtu mahabusu Biharamulo.

Eufrazia alizinduka hospitalini baada ya siku kumi na mbili, akasema hawakufika getini kabisa. Waliomsikiliza wakampa pole, wakasema kichwa kiligonga. Daftari halikugonga kichwa. Renatus alipozipata habari hizo alianza kuhesabu upya, kila siku, juu ya pipa, mvua na jua, kama anayefua nguo baada ya maiti kuzikwa nayo. Usiku hakulala vizuri, mchana hakuweza kumtazama mtu usoni, na bado hakusema.

Wiki ya tatu akaja Melania, mke wa Ndikuriyo. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Alisimama kwenye dirisha la kibanda akaanza kueleza kwa Kirundi, polepole, kwa heshima. Sasa wewe unajua na Renatus anajua: Kirundi na Kihangaza ni watoto wa tumbo moja. Kila neno lilimwingia kama lilivyotoka kwa mama yake mzazi. Alielewa kwamba mume amekonda. Alielewa kwamba anaulizwa jambo moja tu, kama aliliona gari lile kwa macho yake.

"Sema Kiswahili, mama," akamwambia. "Hapa ni ofisini."

Melania akakusanya Kiswahili chake cha sokoni. "Bwana yangu iko ndani. Wanasema gari ilipita hapa. Wewe iliona?"

"Daftari linasema ilipita."

"Sikuuliza daftari. Nauliza wewe."

Renatus akapekua kurasa kama anayetafuta jibu humo. Melania alimwacha apekue. Kisha akarudia lugha yake, kwa sauti ya chini, na alichosema ni hiki: kwamba alipofika alimsikia akimtania kwa Kihangaza bibi anayeuza ndizi pale nje, na kwamba anaongea vizuri, kama watu wa kwao. Akajifunga khanga vizuri, akaenda zake.

Renatus alikaa na kalamu mkononi. Msafara wa siku ile ulipofika alishindwa kupanda pipa.

Ijumaa Bonaventura alipokuja, alimkuta karani amesimama mlangoni.

"Mkubwa, sikuhesabu."

"Hukuhesabu nini?"

"Magari. Siku ile, na mwaka mzima kabla ya siku ile."

Bonaventura alifunga mlango. Akapapasa jalada la daftari ambalo yeye mwenyewe alikuwa ametia sahihi kila Ijumaa.

"Na ulikuwa wapi?"

"Namkagua mbuzi meno."

"Sasa unataka niandike nini kwenda mkoani, Renatus? Kwamba barabara ya serikali mwaka mzima iliendeshwa na mbuzi?"

"Andika hivyo hivyo."

Hakuandika. Alimwambia kwamba nakala ya ukurasa imekwisha kupelekwa kwenye jalada la kesi, kwamba askari watano na makarani wawili wana watoto wa kusomesha, kwamba mkimbizi mmoja akifungwa au asipofungwa vita vya kwao haviishi. Jioni hiyo Renatus alikabidhi ufunguo wa kibanda. Sababu iliyoandikwa ilikuwa utovu wa nidhamu.

Alidandia lori la mihogo hadi Biharamulo, akaandika maelezo yake kurasa nne. Karani wa mahakama alizisoma, akamweleza bila kumdharau: wewe ni mtu uliyefukuzwa kazi, una kinyongo na mkubwa wako, na unapingana na mwandiko wako mwenyewe. Eufrazia naye wanasema alizimia. Lete mwingine. Lete mtu mmoja aliyekuwa kwenye msafara, aliyeiona pikapu nyuma yake na kisha asiione.

Tangu hapo, kila siku ya mnada, Renatus anasimama pale geti, nje ya kibanda chake cha zamani, akiuliza dereva mmoja mmoja. Wanamjibu barabara ni ndefu, wao hutazama mbele. Wanamjibu hawataki kesi za wakimbizi. Kondakta mmoja alimpigia kelele kutoka mlangoni mwa basi: "Karani, hesabu basi, humu ndani tuko wangapi?" Basi zima likacheka. Renatus akapanda ngazi, akapita kiti kwa kiti akinyoosha kidole, akarudi mlangoni, akasema hamsini na nane, na watoto wawili wa mgongoni. Kondakta akakuta ni kweli. Kicheko kikakatika, lakini hakuna aliyeshuka.

Ndikuriyo ana mwezi wa nane ndani. Kesi inatajwa Biharamulo Jumatatu, saa tatu asubuhi, na safari hii wanasema ikikosa shahidi mpya itaendelea na daftari lilivyo. Magari yalikuwa arobaini. Ukiondoa malori ya msaada ambayo madereva wake wamekwisha kurudi kwao, mnabaki kumi na tisa, na Renatus ana nambari za magari yenu kutoka geti la Ngara. Mmoja wenu alikuwa mbele ya pikapu ya bluu, akaiona kwenye kioo hadi kona ya korongo, baada ya kona hakuiona. Ni wewe. Huhitaji wakili, huhitaji kujua sheria, wala hakuna atakayekuuliza kabila. Sema ulichokiona na ulichokosa kukiona. Usingoje Jumapili uanze kutafuta usafiri. Mvua ikinyesha, msafara hauondoki. Acha kula, weka sahani hiyo chini. Ondoka leo.