Maharage Yaliyokataa Kuiva

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni mwaka 2025, saa nane kasoro mchana, maharage ya kuanulia tanga la marehemu Hildegarda yalikataa kuiva. Yalikuwa motoni tangu alfajiri. Wapishi walibadilisha kuni, wakatia magadi mpaka mchuzi ukanuka; ngozi zilichubuka, ndani bado kokoto. Padri alikuwa ameshasoma misa na kuondoka. Waombolezaji walikula wali kwa kabichi, na mzee mmoja aliyejaribu maharage akatema kitu kiganjani, akakigeuza geuza, akasema ni jino.

Thadeo, mwenye msiba, angeweza kuvumilia hata hilo jino. Lakini alikuwepo shemeji yake Editha, mdogo wa marehemu, aliyetoka Mikumi kuja kugawa nguo za dada yake, maana siku ya kuanua tanga ndiyo siku ya nguo. Sanduku la nguo lilikuwa limeshatolewa chumbani hadi sebuleni. Editha alifunua sufuria, akabinya harage moja kwa vidole viwili, akafunika.

"Dada amekataa," alisema.

"Amekataa nini?"

"Shemeji, ulichomfanyia unakijua mwenyewe. Rudisheni sanduku ndani."

Likarudishwa. Tanga halikuanuliwa, na kabla jua halijazama nusu ya Kilosa ilikuwa inajua kwamba mke wa Thadeo, mwaka mzima kaburini, bado ana kinyongo na mumewe.

Tangu siku hiyo hakukalika. Chumbani lilikuwepo sanduku, basi alitandika mkeka sebuleni. Sebuleni nako alikuwa akijilaza anaamka, akiamka anatoka, akitoka anakutana na watu wanaosalimia kwa sauti ya chini, kama wanaosalimia mgonjwa. Alizunguka sokoni bila kununua kitu. Alikwenda stesheni bila safari. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: Hildegarda hakukataa kitu. Ni maji. Ni wale waliowaletea maji yale.

Miaka minne nyuma walikuja na gari tatu, wakakata utepe kwenye kisima kirefu cha mtaa wao, na mheshimiwa akahutubia juu ya maji safi na salama huku akinywa ya chupa aliyokuja nayo. Thadeo alipiga makofi kuliko wote. Daktari alikuwa ameshamwambia Hildegarda moyo wake umetanuka, asibebe kitu kizito. Thadeo akauza baiskeli, akavuta bomba hadi uani, na kwenye mkutano wa mtaa alisimama akasema mbele za watu, "Mke wangu ameshabeba ndoo yake ya mwisho."

Baada ya miezi miwili ndipo wakaanza kuyajua maji yenyewe. Sabuni ya mche unaisugua mpaka inakwisha, povu huoni, unabaki na utando wa kijivu kwenye beseni. Mashati meupe yaligeuka rangi ya jivu, tena yakikauka yanasimama yenyewe. Juu ya chai palielea ngozi. Mdomo wa bomba uliota magamba meupe, na birika likajaa ukoko mpaka likawa linachukua vikombe vitatu badala ya sita. Majirani walilalamika pia juu ya maharage. Hao Thadeo aliwacheka. Yeye alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mpunga, akirudi saa moja asubuhi anakuta mkewe ameshabandika, na mchana anakula maharage laini kama siagi. "Wake zenu wavivu wa kuchochea kuni," aliwaambia.

Kisha Juni ya mwaka 2024, alfajiri, Hildegarda alianguka kwenye njia ya mto Mkondoa, ndoo ubavuni. Thadeo alikuwa bado lindoni. Watu walisema alikuwa anakwenda kumwagilia mchicha, naye akawa anasema hivyo hivyo. Tangu hapo alikula ugali kwa mama ntilie wa pale stesheni na nyumbani hakupika tena, mpaka Jumamosi ile.

Jumatatu ya pili baada ya aibu alikwenda ofisini kwa watu wa maji na birika lake kwenye mfuko wa rambo. Alipokewa na kijana mwenye shati lililong'aa, ambalo Thadeo aliona wazi kuwa halifuliwi mtaani kwao.

"Shikamoo mzee. Maji yenu tuliyapima, ni salama kabisa. Ni magumu kidogo tu, yana chokaa. Yanasaidia mifupa."

"Mifupa yangu haijaleta malalamiko. Nimeleta birika." Aliligeuza juu ya meza, akaligonga kitako. Mabamba meupe kama maganda ya yai yakamwagika juu ya makaratasi.

Kijana aliyapuliza pembeni. "Mzee, andika barua."

"Nimeishia darasa la pili, na wewe umelijua hilo tangu nilivyoingia."

Alitoka bila kuaga. Wenye ofisi wasingemsikia leo wala kesho, lakini Editha angemsikia, maana Editha ni mpishi. Ana banda la chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, na madereva wa malori wanakatisha safari kwa ajili ya maharage yake. Basi asubuhi iliyofuata Thadeo alijaza maji ya bomba dumu la lita kumi, akapima kilo mbili za maharage kutoka gunia lile lile la msiba, akapanda Noah ya Mikumi. Dumu alilibana katikati ya miguu.

"Mzee, Mikumi nako kuna maji," konda alimwambia.

"Haya hayapo."

Editha alimwona akivuka barabara na dumu, akaacha mwiko ndani ya ugali.

"Umekuja kuniletea nini tena, shemeji?"

"Nimekuja unipikie. Kilo kwa maji yako, kilo kwa maji yangu. Kuni zako, sufuria zako, mkono wako. Yakikataa yote, mimi ni mtu mbaya na nitasema hivyo kanisani."

Editha akapanga mafiga.

Ilikuwa saa nne na nusu. Thadeo hakukaa kwenye benchi aliloonyeshwa. Alizunguka banda, akasogeza kuni, akafunua, akafunika, mpaka Editha akamnyang'anya kifuniko. Dereva mmoja wa Tunduma, Lupakisyo, mteja wa siku nyingi, aliuliza kinachopikwa, na alipoambiwa akaagiza chai ili aone mwisho wake.

Saa saba na nusu sufuria ya maji ya Mikumi ilikuwa inatoa mchuzi mzito, mwekundu. Editha alibinya harage, likapondeka. Akabinya la sufuria ya pili, likamponyoka na kuruka mpaka mezani kwa Lupakisyo.

"Mama, haya ya pili ni ya kupikia zege?" Lupakisyo aliuliza.

Saa tisa yalikuwa vile vile. Saa kumi yalikuwa vile vile, na pembeni mwa sufuria, pale maji yalipopungua, palikuwa na mstari mweupe. Lupakisyo alilipa chai yake, akamwambia Thadeo, "Mzee, umeshinda," akaenda zake.

Thadeo alipiga paja. "Umeona? Si Hildegarda. Ni wao. Wametuletea mawe kwenye bomba, halafu mke wangu ndiye anasemwa."

Editha alivuta kigoda, akakaa mbele ya zile sufuria mbili.

"Sasa niambie kitu, shemeji. Kama si ubaya wako, kwa nini ulimkataza bomba?"

"Nani?"

"Dada. Kila alfajiri akinipigia simu anahema. Namuuliza uko wapi, ananiambia natoka mtoni. Namuuliza bomba je, anacheka. Nikajua ni wewe na ubahili wako wa bili. Hata siku ya tanga, nilipobinya lile harage, nilisema moyoni, amekumbuka zile ndoo."

"Niliuza baiskeli," Thadeo alisema, "ili asiende mtoni."

Lori lilipita, banda likatetemeka. Lilipokwisha kupita Editha aliuliza taratibu, "Bomba lilikuja lini?"

"Miaka minne sasa."

"Na ile mitatu aliyokuwa hai, ulikuwa unakula nini?"

"Maharage."

"Yameiva?"

Thadeo aliiona sufuria ya maharage kule nyumbani: nje nyeusi, ndani safi, haina hata chembe ya ukoko, wakati birika lililokaa nayo rafu moja lilikuwa limevaa chokaa unene wa kidole. Siku zote alidhani ni juhudi ya kusugua. Aliiona ngata ya kubebea ndoo, ya kitenge kikuukuu, msumarini nyuma ya mlango, mbichi kila alipoingia saa moja asubuhi. Akajisikia kwenye ule mkutano, kifua mbele, akitangaza ndoo ya mwisho. Baada ya maneno yale, mwanamke angemwambiaje kwamba bado anabeba?

"Laini," alisema. "Laini kama siagi. Nilikuwa nawasema majirani."

Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Alilishika dumu tupu kama mtu anayetaka kulibeba mahali, akaliweka chini. Alianza kusema kitu juu ya wale wa ofisini na chokaa yao ya mifupa, maneno yakamwishia katikati.

Editha alipakua sahani moja ya maharage yaliyoiva, akaiweka mbele ya Thadeo. Hakuigusa. Yale ya sufuria ya pili Editha aliyamwaga nyuma ya banda, kuku wakakimbilia, wakadonoa, wakayaacha.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja," alisema aliporudi, akijifuta mikono kwenye khanga. "Tutaanua tanga, tugawe nguo, ulale chumbani kwako. Na tutapika maharage."

"Tutapika," Thadeo alisema.

"Watu ni wale wale, mia na zaidi. Sufuria mbili kubwa." Editha alihesabu vidoleni. "Na maji ya mtoni ya kupikia yote hayo, shemeji, atakwenda kuyachota nani?"