Oili Nyekundu

Mume wangu hajawahi kumruhusu fundi aguse tumbo la gari lake. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, kati ya mitambo yenye kelele nyingi kiasi kwamba mpaka leo anaongea kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara, na alistaafu na msimamo mmoja: oili ya gari inamwagwa na mwenye gari. Gereji, anasema, watakufungia bolti kwa hasira walizotoka nazo nyumbani, na filta watakubadilishia kwa mdomo tu. Kwa hiyo kila inapofika zamu ya oili, Jumamosi asubuhi, ua wetu unakuwa gereji na mimi nakuwa msaidizi wa fundi. Kazi hiyo sikuiomba, na mshahara wake sijauona.

Jumamosi hiyo nilikuwa na langu moyoni. Binti yetu ni muuguzi, na kuanzia Jumatatu alikuwa anahamia zamu ya asubuhi. Mumewe anafanya kazi mbali. Alikuwa amemwomba baba yake awe anampeleka mtoto shule kwa gari, na baba yake akakubali kabla sentensi haijaisha. Mtoto mwenyewe ana miaka sita, tunamwita Kiherehere, kwa sababu anauliza swali na kulijibu kabla hujafungua mdomo. Babu yake akimwona, magoti yanapona.

Siku chache baada ya ombi hilo, kabla ya Jumamosi ile, binti alinipigia mimi. Tulisalimiana, tukazungumza habari za wagonjwa na bei ya nyanya, halafu akashusha sauti.

"Mama, niambie ukweli. Baba yuko sawa?"

"Baba yako ana akili kuliko wewe na mumeo mkichanganywa," nikamjibu, kwa ukali. Ukali ndio ngao yangu, na wote nyumbani wanajua nikiuinua nimeogopa. Nilikata simu nikabaki nimekaa mbele ya cherehani, kitambaa mkononi, bila kushona.

Maana mambo niliyaona. Sukari niliikuta kwenye friji, lakini hilo linaweza kumpata yeyote. Aliniuliza jambo, nikamjibu, akaniuliza tena chai haijapoa. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake marehemu akaendelea na mazungumzo, wala hakushtuka. Na siku nyingine alitoka na gari kwenda kununua mkate, akakawia, akarudi mikono mitupu akisema kulikuwa na foleni. Nilijiambia ni uzee. Hata mimi hutafuta miwani nikiwa nimeivaa. Ila kumpakia mtoto wa watu kwenye gari si sawa na kutafuta miwani, na hilo nalo nililijua.

Basi nikatunga mtihani wangu bila kumwambia mtu. Kazi ya oili ameifanya miaka na miaka, mikono yake inaijua kama inavyojua njia ya mdomo. Akiifanya sawasawa, mwanzo mpaka mwisho, nitamwambia binti alete mtoto bila wasiwasi. Akiharibu, funguo nazichukua mimi, hata akininunia mpaka mvua za mwakani. Na niseme wazi: sikumpima ili nijue. Nilimpima ili niambiwe kwamba ni mzima.

Alianza vizuri mno. Alivaa ovaroli lake la kiwandani, ambalo siku hizi linamvaa yeye, akawasha injini ipate joto kidogo. "Oili ikiwa baridi ni nzito, haitoki yote," akanieleza, kama vile sijawahi kulisikia hilo tangu tuoane. Akapandisha magurudumu ya mbele juu ya zile kabari mbili za mbao alizochongewa na seremala. Mimi nilisimama mbele nikimwelekeza kwa mikono, yeye akiipuuza mikono yangu kama kawaida, na gari likasimama palepale linapotakiwa. Akazima, akavuta breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Akafungua boneti, akalegeza kifuniko cha oili ili hewa iingie. Akatandika boksi la katoni chini. Vifaa akavipanga juu ya kipande cha kitambaa nilichomkatia kwenye mabaki yangu: spana, kifungulio cha filta, filta mpya, washa mpya ya kukazia bolti. Hata ile filta mpya aliigeuza akaukagua mpira wake kwa kidole, kama daktari anavyotazama ulimi.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Moyoni nilishaanza kumpigia binti simu ya kumringia.

"Mama Watoto, mbona leo umesimama kama askari wa getini?" akaniuliza.

"Nakulinda usije ukaliiba gari."

"Gari hili hata mwizi analionea huruma," akasema, akacheka, akajilaza chali na kuingia chini.

Nikampa spana. Nikamsogezea beseni kuukuu la kufulia. Nikamsikia akiguna, bolti ikikaza shingo, kisha ikalegea. "Haya, inakuja," akasema. Oili ikaanza kudondoka kwenye beseni kwa mlio ule mzito ninaoupenda, ingawa sijawahi kumwambia kwamba naupenda.

Halafu sauti yake ikatoka chini, imejaa raha. "Njoo uone! Safi kabisa! Ningeweza kuiacha miezi mingine."

Nikachuchumaa nikachungulia. Oili kwenye beseni ilikuwa nyekundu.

Gari letu ni la otomatiki, na chini yake kuna bolti mbili za kumwagia, zinafanana kama pacha: moja ya injini, nyingine ya giaboksi. Oili ya injini, hata uiweke ikiwa na rangi ya asali, itatoka nyeusi. Nyekundu ni ya giaboksi. Haya yote nani alinifundisha? Ni yeye. Zamani jirani yetu mmoja, mwalimu, alikosea akamwaga ya giaboksi, na mume wangu alikifanya kisa hicho kuwa chake. Alikisimulia harusini, alikisimulia msibani watu wakishakula. "Mtu mzima anaiona nyekundu na haulizi!" alikuwa akisema, na anacheka mpaka anakohoa. Leo alikuwa amelala pale chini, uso wake karibu kabisa na ile nyekundu, anatabasamu.

Nikakaa chini kwenye vumbi.

"Baba, funga," nikasema.

"Nifunge nini, na haijaisha?"

"Funga hiyo bolti. Ni ya giaboksi."

Oili iliendelea kudondoka. Kisha akafoka kutoka kule chini kwa ile sauti ya kiwandani: "Unanifundisha gari? Wewe na cherehani yako, leo unanifundisha mimi gari?"

Hasira nilizokuwa nazo zingetosha mtaa mzima na chenji ikabaki, lakini sikuzitoa. "Itazame rangi," nikamwambia tu.

Nilipokaa nilikuwa naona miguu yake peke yake. Wakati wote ilikuwa ikichezacheza, ndiyo tabia yake akiwa kazini. Ikatulia. Nadhani alichovya kidole, akakisugua, akanusa. Baada ya muda nikasikia spana ikizunguka, bolti ikikazwa, na ule mlio ukakoma.

Akatoka, akakaa kando yangu kwenye katoni. Vidole vyake vilikuwa vyekundu.

"Ni makosa tu," akasema. "Zimekaribiana zile. Mtu yeyote anaweza kukosea."

Na ni kweli. Hilo ndilo lililonitesa. Yule mwalimu alikosea vilevile, akaendelea kufundisha hesabu mpaka akastaafu, na hakuna aliyemnyang'anya funguo. Kosa moja halimfanyi mtu mgonjwa. Papo hapo nikaanza kumtetea kichwani mwangu kama wakili aliyelipwa: kule chini kuna giza, miwani yake ni ya zamani, mimi mwenyewe nilimchanganya kwa maneno. Tungenunua oili ya giaboksi, tungeirudishia, tungemaliza kazi, na Jumatatu mtoto angepanda gari. Nani angejua? Niliona jinsi ilivyo rahisi, na nilitaka iwe hivyo.

"Kweli, yeyote anaweza kukosea," nikasema. "Ngoja nivae viatu niende dukani. Tutairudishia, tumalize."

Alinitazama mpaka nikajifanya natafuta viatu, na viatu nilikuwa nimevaa.

"Ulikuwa unanipima," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Siku zote ukishanipa spana unarudi kwenye cherehani yako unalalamika. Leo hujalalamika hata kidogo." Akavuta pumzi. "Ni kwa ajili ya mtoto?"

"Ni kwa ajili ya mtoto."

Nilisubiri anifokee. Ningefurahi angenifokea. Yeye akachukua kile kitambaa akaanza kufuta vidole, kimoja kimoja.

"Basi umekosea mtihani, Mama Watoto. Bolti si kitu. Ukikosea bolti unaikaza, unanunua oili nyingine, maisha yanaendelea. Unakumbuka ile siku ya mkate?"

"Ya foleni."

"Hakukuwa na foleni. Nilifika pale kwenye kivuko, mwanamke anavuka na kapu lake. Nilimwona vizuri. Nikajua natakiwa kusimama. Kichwa kilijua. Mguu ndio haukujua breki ni ipi." Akautazama mguu wake wa kulia kama mtu aliyemkopa na kumkimbia. "Nikavuta breki ya mkono. Gari likasimama, karibu kabisa naye. Yule mama alinitukana matusi mengine hata kiwandani sikuyasikia, na nilimshukuru moyoni, maana kama ananitukana basi yu hai. Nikasogeza gari pembeni, nikakaa humo ndani mpaka mguu ukakumbuka."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa nangoja unigundue. Nilidhani utanigundua mapema, wewe huwa hukosi kitu."

Nililia. Sina haja ya kulizunguka. Nililia kwa hasira, kwamba alikuwa amelibeba jambo zito hivi chini ya paa letu na kunipita nalo kila siku mezani. Na hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa sababu dakika tano kabla ya hapo nilikuwa tayari kumsaidia alifiche zaidi.

"Na ungempakia mtoto?" nikamuuliza.

"Hapana!" Alisema kwa nguvu mpaka majirani lazima walisikia. Kisha akashusha sauti. "Hapana. Nilikuwa natafuta la kumwambia. Kila nikitafuta, nasema kesho. Kesho nayo imefika Jumamosi." Akajaribu kucheka. "Nikimwambia sikuendeshi tena, nitakuwa babu wa nini? Hadithi sijui, kuimba siwezi. Mimi ni babu wa gari."

Nikamwambia yeye ni babu wa mtoto, basi, inatosha, na nikamshika mkono, oili na vyote.

Simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Alikuwa binti, anapiga kutoka wodini, na nyuma yake nilisikia vitoroli vikisukumwa.

"Mama, shikamoo. Baba yupo? Nataka tupange saa ya Jumatatu."

Nikaweka mkono juu ya simu. Nikalitazama gari letu: limepanda kabari, boneti wazi, oili yake ya giaboksi imejaa kwenye beseni la kufulia. Hata tungetaka lisingeweza kutoka getini. Kisingizio kilikuwa kimekaa mbele yetu, tena si uongo hata kidogo.

"Mwambie gari bovu," nikamnong'oneza sikioni. "Mengine tutajua baadaye."

Akaichukua simu, akaiweka kwenye spika kwa sababu hasikii vizuri bila hivyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Jumatatu sitampeleka mtoto. Wala Jumanne."

"Kuna nini, baba? Gari limeharibika?"

Alilitazama gari. Akanitazama mimi. Nilikuwa namtikisia kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, sema ndiyo.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Gari ni zima. Anayeharibika ni mimi."