Mlango wa Tindo

Fundi alikuwa ameinama akichomelea geti la shule, na alimtambua mgeni kwa miguu kabla ya kuivua miwani yake myeusi ya kuchomelea. Matege yale aliyaona mara moja tu maishani, siku ya ghasia, akiwa amejibana uvunguni mwa kitanda na mlango wa nyumba yao umelala sakafuni. Miguu ilisimama, kisha ikatoka, na kaka yake mkubwa akatoka nayo. Hakurudi, si hai si maiti.

Vita vilikwisha zamani. Serikali ilitangaza msamaha, na waliovunja milango wakarudi mtaani kuchagua vitunguu gengeni kama watu wengine. Huyu wenzake walimwita Tindo, yaani patasi ya chuma, kwa jinsi alivyokuwa akizing'oa bawaba.

"Nataka mlango wa chuma," Tindo alisema. "Mzito. Bawaba ziwe kwa ndani."

Fundi alizima mashine. "Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine watanilipulia kazi."

"Na mimi nikikulipulia?"

"Wewe huna sifa hiyo."

Fundi alicheka bila kupenda, kisha akajichukia kwa kicheko hicho. "Unaogopa nini? Vijana wanaokurushia mawe?"

"Mawe yale ni utoto tu. Naogopa niliokuwa nao."

"Basi nitakutengenezea, na senti yako sitaki. Utaniambia kaka yangu mlimlaza wapi."

"Nikikuambia hilo, mlango mmoja hautanitosha."

"Kalale na huo wa mbao, basi."

Aliondoka bila kuaga. Wiki haikuisha akarudi. Macho yalikuwa yamemwiva kwa kukosa usingizi. "Njoo uchukue vipimo," alisema.

Nyumbani, mke wa fundi hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Baba watoto, habari nyingine ukishaijua huwezi kuitapika," alimwambia. "Tumekaa hivi tukazoea." Lakini chumba cha pili alikaa mama yake fundi, ambaye kila mvua zikipita hulianika koti la mwanawe mkubwa, akisema, "Kaka yako akirudi asilikute limeota ukungu." Mke alilisikia koti likikung'utwa uani, akaacha kumkataza mumewe.

Siku ya kuupachika mlango mpya, Tindo ndiye aliyeushikilia kwa bega wakati fundi akichomelea bawaba. Walikaribiana hata kila mmoja akasikia pumzi za mwenzake.

"Nyuma ya tanuri la matofali," Tindo alianza, uso ameugeuzia ukutani ili cheche zisimpate. "Mheshimiwa, mbunge wetu huyu, ndiye aliyetoa amri. Alisimama pale pale mpaka kazi ikaisha. Baadaye akakinunua kile kiwanja."

"Lile ghala lake la saruji?"

"Ndilo hilo."

Fundi alichomelea kidogo, akaacha. "Kaka alisema nini?"

"Aliuliza kama mdogo wake amepatikana. Nikamwambia nyumba ilibaki tupu." Tindo akahamishia mlango bega la pili. "Nilikuona, fundi. Kisigino chako kilikuwa nje."

Fundi aliwasha tena, akakawia mno mahali pamoja, chuma kikapata shimo. Hakujua kama amshukuru mtu huyu au ampige kwa nyundo iliyokuwa karibu na goti lake. Mwisho aliliziba shimo, akamaliza bawaba ya chini, akakusanya vifaa vyake. Hawakuagana.

Nyumbani fundi alimsimulia mama yake yote. Mama akauliza, "Ghala lile lenye mabati ya bluu?"

"Ndiyo, mama."

"Si ndipo niliponunua saruji ya jiko? Nilisimama pale. Nikapiga soga na mlinzi, nikacheka." Alijishika magoti. Tangu siku hiyo hakusema tena "kaka yako akirudi." Akasema, "Marehemu kaka yako."

Mvua zilikuwa hazijaanza Tindo alipokutwa ameuawa sebuleni kwake. Polisi walimwita fundi, na mama yake akamfuata na khanga yake begani, hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

"Mlango wako mzuri," alisema mpelelezi, kijana mwenye sauti ya upole. "Haukuguswa. Aliwafungulia mwenyewe, akawapikia na chai. Aliwahi kukuambia anamwogopa nani?"

"Hapana" lilikuwa neno jepesi. Fundi alilihisi limekaa tayari ulimini. Alimfikiria mkewe na wanawe. Kisha akafikiria kwamba kaka yake, katika dakika zake za mwisho, alikuwa akiulizia habari zake yeye. Akaeleza yote, mpaka jina la Mheshimiwa.

Mpelelezi aliweka kalamu mezani. "Fundi, unajua unamtaja nani?"

"Najua."

"Nenda nyumbani ukalifikirie vizuri, kaka."

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni. "Mwanangu," alimwambia mpelelezi, "sisi hatujafanya kingine miaka yote hii ila kufikiria. Andika."

Kijana alimtazama mama yule, akainuka akafunga mlango wa ofisi, akarudi akaandika.

Mpaka sasa hakuna aliyechimba. Mpelelezi alihamishwa mbali, na ghala linauza saruji kama kawaida. Mke wa fundi aliwachukua watoto akaenda nao kwao. Hupiga simu kila jioni, na mumewe humwambia kuko shwari, ingawa kuna gari lililozoea kuegeshwa mbele ya karakana bila mtu kushuka. Ameigeuza mashine yake ili akifanya kazi aione barabara.

Mke wa fundi alimwomba mama naye ahame, walau kwa muda. Mama alimshukuru, akakataa.

"Mimi siendi mbali na wanangu," alisema kwenye simu, akamrudishia fundi, akaingia jikoni.